Kikohozi na Mamzeli

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Arlette alikuwa na kazi moja aliyoichukia kuliko kuchota maji, nayo ni kusukuma gari. Baba yake, Déogratias, ambaye wengi walimwita Papa Déo, aliketi kwenye usukani na kuacha mlango wazi. Arlette, mama yake Constance, na mtoto yeyote wa jirani aliyekamatwa akipita waliweka mikono nyuma ya gari na kulisukuma kuelekea barabara inayoshuka kwenye soko la Baraka, mji wao wa kando ya ziwa. Gari lilikwenda hatua ishirini kimya, likashtuka, likakohoa mara tatu, likatema wingu la moshi mweusi, kisha likanguruma. Ndiyo maana mtaa mzima uliliita Kikohozi.

Kikohozi lilikuwa gari dogo la milango minne, ambalo zamani, kabla Arlette hajazaliwa, lilikuwa jeupe. Mlango wake wa nyuma ulifungwa kwa utepe wa mpira. Dirisha la mbele lilikuwa limepoteza mkono wake wa kuzungushia, kwa hiyo Papa Déo alilishusha kwa koleo. Viti vilinuka ndagala, kwa sababu wanawake wanaouza samaki wale wadogo wakavu ndio waliokuwa abiria wake wakuu wa kwenda Fizi.

Lakini Papa Déo na Kikohozi walielewana kama watu waliooana zamani. Kila asubuhi alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini, akakifuta kwa kitambaa, akakichovya tena na kukitazama. Akiwa njiani aliweza kumnyamazisha abiria katikati ya maneno ili asikilize. "Leo inakohoa kwa kifua, si kwa koo," alisema, na alipofika nyumbani alijua pa kufungua.

Arlette hakuona uzuri wowote katika hayo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na katika kusoma hakuna aliyempita. Baba yake aliacha shule mwaka wa tatu, na mama yake hakuwahi kwenda. Barua ikija, ni Arlette aliyesoma. Dawa ikinunuliwa, ni Arlette aliyeangalia karatasi yake. Jambo hilo lilimtia kiburi kidogo, na kiburi hicho kilimfanya amwambie baba yake kila asubuhi:

"Papa, niache hapa kwenye kona. Nitamalizia kwa miguu."

Baba yake alijua sababu, akamshusha pale pale.

Mwaka ule ziwa lilikuwa limepanda na halikurudi. Lilimeza nyumba za chini moja baada ya nyingine, na ya kwao ilikuwa ya nne. Walihamia katika vyumba viwili vya kupanga juu ya mji, wakiwa na magodoro, sufuria na Kikohozi. Basi siku mguu wa mama mmoja wa ndagala ulipotoboa sakafu ya gari iliyoliwa na kutu, na yule mama akapiga kelele akiona barabara ikipita chini ya kisigino chake, Constance alisema imetosha.

"Baba Arlette, hii gari itaua muntu. Tafuta ingine."

Mjomba Patrice, ndugu yake Constance aliyekaa Uvira, ndiye aliyelitafuta. Kikohozi lilinunuliwa na Kamanzi, mfanyabiashara wa maziwa kutoka milimani, aliyetaka chombo cha kubebea magudulia yake. Fedha hizo, pamoja na akiba yote ya nyumbani, zilileta gari jingine, dogo pia, la milango minne pia, lakini jipya zaidi kwa miaka mingi. Lilikuwa la rangi ya fedha. Liliwaka kwa kugusa ufunguo tu. Na liliongea.

Mara ufunguo ulipozungushwa, sauti laini ya mwanamke ilitoka mahali fulani karibu na redio na kusema maneno matano au sita ya Kijapani, kwa adabu kubwa. Watoto wa mtaa walikuja mbio kuisikiliza. Wakaliita gari Mamzeli, yaani bibi mdogo kwa Kifaransa chao cha mtaani.

"Anasema nini?" aliuliza Chérie, rafiki yake Arlette aliyekaa naye dawati moja.

Arlette alikuwa ameshika kitabu kidogo kilichokuja na gari. Kurasa zake zote zilikuwa za maandishi ya Kijapani, hata herufi moja hakuitambua. Lakini watoto tisa walikuwa wakimtazama, na nyuma yao baba yake alisimama akitabasamu, akisubiri.

"Anasema, karibuni, fungeni mikanda, safari njema," alisema Arlette.

Watoto walipiga makofi. Papa Déo alimwekea mkono begani. "Munasikia? Mutoto wangu anasoma mpaka kitabu ya gari!"

Ni uongo mdogo tu, Arlette alijiambia, tena huenda ni kweli. Lakini kuanzia siku hiyo kitabu kilikuwa chake. Alikipeleka shuleni. Aliwasomea wenzake kurasa nzima alizozitunga mwenyewe. Na sasa asubuhi hakuomba tena kuachwa kwenye kona. Alishuka mbele ya lango la shule, polepole, na kuufunga mlango kwa vidole viwili.

Mjomba Patrice, kabla ya kurudi Uvira, alimwambia Papa Déo neno moja. "Shemeji, hii si kama ile yako ya zamani. Usiifungue-fungue kila siku. Ikiwa na shida, itakuambia yenyewe."

Papa Déo akatii. Kitambaa chake cha kufutia kijiti akampa Constance afutie meza.

Mwezi wa tatu, mvua zilipokuwa zimechimba barabara ya Fizi, Mamzeli, ambalo tumbo lake lilikuwa karibu na ardhi kuliko la Kikohozi, liligonga jiwe. Sauti ilikuwa ndogo. Papa Déo alishuka, akachungulia chini, hakuona kitu katika tope, akaendelea. Siku ya pili yake, akipanda mlima, aliona taa nyekundu ikiwaka nyuma ya usukani na kuzimika. Jioni alimwita Arlette.

"Arlette, iko taa inawaka kwenye mulima. Iko kama birika ndogo, na tone moja kwa mudomo. Inasema nini?"

Arlette alifungua kitabu. Alitafuta birika, akaliona katika ukurasa wa katikati, na pembeni yake mistari saba ya maandishi yasiyosomeka. Angeweza kusema hapo hapo, papa, sijui. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini baba yake alikuwa ameinama kumsikiliza, kama anavyoinama mtu mbele ya daktari, na mama yake alikuwa amesimamisha kazi ya jikoni ili asikie.

"Ni birika, papa. Maana yake maji ya injini yamepata moto vizuri. Injini iko tayari kwa mlima."

"Ah! Bazungu banafikiria kila kitu," alisema Papa Déo, akacheka.

Siku nne birika liliwaka na kuzimika kwenye milima na kona, na siku nne Papa Déo aliliona na kufurahi.

Siku ya tano ilikuwa Jumamosi. Saa mbili asubuhi simu ililia kutoka Lubondja. Koko Godelieve, mama yake Papa Déo, alikuwa shambani akichimba mihogo, akamkanyaga kifutu, yule nyoka mnene mvivu asiyekimbia mtu. Alikuwa ameumwa juu ya kifundo cha mguu, na mguu ulikuwa umeanza kuvimba. Dawa ya sumu ya nyoka ilikuwa hospitali ya Baraka. Huko kijijini haikuwapo.

"Ninakuja," Papa Déo alisema, tayari ameshika ufunguo. "Mumulaze, asitembee. Mbele ya saa sita atakuwa hospitali."

Arlette aliingia kiti cha mbele bila kuomba ruhusa. Alimpenda koko wake. Kila likizo walilala kitanda kimoja, na ni koko aliyemfundisha kuhesabu kwa mbegu za maharagwe kabla hajaanza shule.

Mamzeli lilisema maneno yake ya adabu, wakaondoka. Walipita Fizi bila kusimama. Walipoanza kupanda kuelekea Lubondja, birika liliwaka. Safari hii halikuzimika.

"Arlette," alisema baba yake, macho barabarani. "Birika imewaka, na haizimiki. Niko nasikia kama kuna kitu inagonga ndani. Ningesimama niangalie. We unasemaje? Kitabu inasema nini?"

Arlette alikitazama kitabu mapajani mwake. Akimwambia sijui, atajua kwamba hata mwanzo hakujua. Na wakisimama, watachelewa, na koko amelala na sumu mwilini. Alijiambia kwamba anasema kwa ajili ya koko.

"Ni mlima tu, papa. Tukianza kushuka itazimika. Endelea."

Papa Déo akaendelea.

Hawakufika juu. Kile kilichokuwa kikigonga kiligonga kwa nguvu, mara mbili, kama nyundo kwenye chuma, kisha injini ikajifunga yote kwa mara moja, na gari likasimama katikati ya njia. Papa Déo alizungusha ufunguo. Mwanamke wa Kijapani akasema maneno yake, laini vilevile. Akazungusha tena. Akasema tena. Zaidi ya hapo hakukuwa na sauti yoyote.

Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha mafuta. Kilitoka kikavu.

Alisimama na kijiti mkononi, akatazama juu ya barabara, kisha chini ya barabara. Simu haikuwa na mtandao mahali pale. Mvua ilianza. Pikipiki mbili zilipita zikiwa zimebeba watu watatu watatu, na dereva mmoja alipiga kelele kwamba mto mbele umejaa. Saa tatu nzima walisubiri. Arlette alikaa ndani ya gari akiangalia maji yakitiririka kwenye kioo, na kila dakika ilipopita aliuona mguu wa koko ukivimba.

Saa sita mchana ilikuwa imepita waliposikia kikohozi.

Kilikuja kutoka chini polepole, kile kikohozi wanachokijua, na nyuma yake moshi mweusi. Ni Kamanzi, aliyekuwa akirudi na magudulia matupu. Alipoelezwa, hakuuliza la pili. Alishusha magudulia yake, akayapanga kando ya barabara bila mlinzi, akamwachia Papa Déo usukani.

"Endesha wewe," alisema. "Unaijua kuliko mimi."

Msomaji asidhani kwamba Kikohozi lilipaa. Lilikuwa gari lililochoka. Kila mlima lilichemka, wakasimama kulimwagia maji. Mtoni walisubiri maji yapungue, kisha wakalisukuma, Kamanzi akiwa amezama hadi kiunoni. Maji yaliingia kwa tundu la sakafu na kutokea kwa lingine. Lakini lilipokohoa kwa koo Papa Déo alipunguza mwendo, na lilipokohoa kwa kifua alisimama, na kwa namna hiyo lilifika Lubondja, na likarudi. Walimfikisha Koko Godelieve hospitali jua likizama. Hakuweza kuongea. Mguu wake ulikuwa umekuwa mweusi hadi karibu na goti.

Daktari alimtoa Papa Déo nje ya chumba. Arlette alisikia kila kitu kupitia dirisha.

"Dawa tumempa, atapona. Mguu hautapona. Tutaukata kesho. Angefika saa sita... labda. Siwezi kuapa, lakini labda."

Lori lililivuta Mamzeli hadi Baraka siku tatu baadaye, hadi kwa fundi Wilfried, mwenye karakana ya turubai kando ya soko. Wilfried alilala chini yake muda mrefu, kisha akatoka na mikono safi, jambo ambalo kwa fundi si dalili njema.

"Jiwe ilipasua bakuli ya mafuta, hapa chini. Ufa mudogo tu. Mafuta ilitoka tone kwa tone mpaka ikaisha. Injini imejikaanga yenyewe. Haitengenezeki, Déo." Alijifuta uso. "Lakini taa haikuwaka? Ile nyekundu, kama birika?"

"Iliwaka siku tano."

"Na hukusimama?"

"Mutoto alinisomea kitabu. Kitabu ilisema ni maji imepata moto."

Wilfried alikichukua kitabu, akakifungua, akakigeuza juu chini. "Hii ni Kijapani, ndugu yangu. Nani anasoma Kijapani hapa Baraka?"

Wote wawili walimgeukia Arlette.

Alitamani ardhi impokee. Angeweza kusema alikosea ukurasa. Angeweza kusema mambo mengi. Lakini kutoka pale aliliona paa la hospitali.

"Sikijui," alisema. "Sikuwahi kukijua. Nilitunga yote, papa. Tangu siku ya kwanza, watoto waliponitazama. Na kule mlimani pia nilitunga." Alisogea mbele ya baba yake. "Nipige, papa."

Papa Déo aliketi juu ya tairi kuukuu. Wilfried akaona vema kwenda kutafuta kazi upande wa pili wa karakana.

"Nikupige, mguu ya mama yangu itarudi?" alisema Papa Déo.

Arlette alilia. Baba yake hakumnyamazisha. Baadaye alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba anaongea na tairi:

"Miaka kumi na tano nilipima mafuta kila asubuhi. Nikaambiwa hii ya kisasa haitaki, nikaacha. Nilisikia inagonga. Masikio yangu iliniambia simama. Nikaona haya, dereva muzima, kuja kwa Wilfried kuuliza taa ni nini. Nikaacha mutoto ajue kwa ajili yangu. Tulidanganya wawili, Arlette. We kwa mudomo, mi kwa kunyamaza."

Mamzeli lilibaki pale kwa Wilfried, juu ya mawe manne, na kuku wakalifanya nyumba. Papa Déo alikwenda kwa Kamanzi kuomba kazi, na Kamanzi akampa usukani wa Kikohozi, kubeba maziwa badala ya watu. Chakula kikarudi nyumbani, kidogo, lakini kila siku. Sokoni watu walimtania. "Si tulikuambia, Déo? Gari ya zamani inashinda mupya!"

"Hapana," aliwajibu. "Hii ya zamani ingenitobokea siku moja na watu ndani. Ile mupya iliniambia ukweli siku tano, tena na taa nyekundu. Ni mimi sikuuliza muntu anayejua. Gari inashinda ingine kama mwenyewe anaijua. Kama haijui, zote mbili ni chuma."

Shuleni Arlette alimwambia Chérie ukweli, naye Chérie akautangaza kabla kengele haijalia. Walimcheka wiki mbili. Mama mmoja wa jirani, aliyezoea kumletea karatasi za dawa, alianza kuzipeleka kwingine. Hilo lilimuuma kuliko kicheko, lakini hakulalamika.

Kila alasiri alikwenda hospitali na uji. Wiki tatu Koko Godelieve alilala akitazama ukuta. Alikwisha kuambiwa na Papa Déo habari yote ya kitabu, na hakumtajia Arlette hata mara moja. Siku moja alimaliza uji, akakabidhi kikombe, akauliza:

"Arlette, we unasikia badaktari ya hospitali wakiongea. Niambie. Mwezi wa tisa, mvua ikirudi, nitalima?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuza vichwa. Wote walitaka asikie neno tamu. Arlette naye alitaka. Neno lenyewe lilikuwa jepesi. Ndiyo, koko, utalima. Aliona jinsi uso ule uliokunjamana ungefunguka.

"Hapana, koko," alisema. "Nilimuuliza daktari mwenyewe. Alisema utatembea na magongo, ndani na uani. Shamba hapana. Maumivu yataisha lini, hilo sijui. Alisema hata yeye hajui."

Koko Godelieve alifumba macho. Machozi yalimtoka, akayaacha yatelemke hadi masikioni. Arlette hakukimbia. Alikaa pale pale, kikombe mkononi.

"Karibia," alisema koko. Alimshika mkono, na mkono wake ulikuwa bado na ngozi ngumu ya jembe. "Wiki tatu kila muntu ananiambia nitalima. Mama yako, pasta, hata mugonjwa wa kitanda ile, ambaye hajui hata shamba yangu iko wapi. Nilikuwa naona kama ninazama, kila kitu ninashika inavunjika. Hii yako inauma. Lakini nimeishika na haikuvunjika. Sasa nitamwambia baba yako shamba apewe muntu mwingine, magugu isiimalize."

Alipumzika kidogo, kisha akaendelea, safari hii kwa sauti ya kuwafikia hata wale wa vitanda vya jirani.

"Sikia, mujukuu. Muntu anayesema sijui, haya yake ni ya dakika moja. Anayejifanya anajua, wengine ndio wanalipa, tena wanalipa na vitu ambavyo hairudi. We umesoma, na utasoma zaidi yetu sote. Watu watakuuliza mambo mengi maisha yako yote, kwa sababu wanakuamini. Ile unaijua, uwaambie. Ile huijui, useme huijui, mbio, kabla hawajapanda mulima."

"Ndiyo, koko."

"Haya. Nigeuze upande ule, huu umechoka."

Arlette aliweka kikombe chini, akapitisha mikono chini ya mgongo wa koko wake, akamgeuza taratibu, akiangalia asiuguse mguu uliokatwa.